Hasira ya Wapenzi na Kalamu ya Mkataba

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mjini Dar es Salaam mbele ya walimu wa michezo na wapenzi wa mpira.



Nimeombwa nizungumze juu ya uhusiano uliopo kati ya mwalimu wa timu na wapenzi wake, hasa wakati timu inapokuwa taabani. Mtu angeweza kudhani kwamba katika mji huu hakuna haja ya mazungumzo kama hayo, maana wapenzi wa Simba na wa Yanga hawana la kufundishwa na mtu yeyote katika somo la kumkasirikia kocha. Kwa sababu hiyo hiyo nimeona heri nisizungumze juu ya Simba wala Yanga. Nikiitaja moja kwa ubaya nitapoteza nusu ya ukumbi, na nikizitaja zote mbili nitabaki na Ndugu Mwenyekiti peke yake. Basi nitawapelekeni mbali, hadi jimbo la Nebraska huko Marekani, ambako jambo hili limetokea kwa ukubwa usio wa kawaida, na ambako hesabu zake zipo wazi kwa kila anayetaka kuzisoma.

Kwanza hapana budi tuelewane juu ya mchezo wenyewe. Mpira ninaousema si kandanda yetu. Ni ule mpira wa Kimarekani uliochongoka ncha mbili, ambao wachezaji wake huvaa kofia ngumu na kazi kubwa hufanywa kwa mikono na mabega. Tena sisemi timu za kulipwa. Nasema timu za vyuo vikuu, ambazo wachezaji wake ni wanafunzi, vijana wa miaka kumi na minane hadi ishirini na miwili au mitatu. Hapa kwetu timu ya chuo hutazamwa na wanachuo wenzao na wachuuzi wa karanga. Huko kwao ni mambo mengine kabisa. Katika majimbo mengi ya nchi ile, mtumishi wa umma anayepokea mshahara mkubwa kuliko wote si gavana, wala si jaji mkuu, bali ni kocha wa timu ya chuo kikuu cha jimbo.

Nebraska ni nchi ya mahindi na ng'ombe. Ina watu wapatao milioni mbili tu, na haina timu kubwa ya kulipwa ya mchezo wowote ambayo ingeweza kugawana mapenzi yao. Mapenzi yote yamekusanywa mahali pamoja, katika timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska mjini Lincoln, ambayo jina lake la utani, Cornhuskers, maana yake ni wamenya mahindi. Uwanja wao ulifunguliwa mwaka 1923. Siku ya mchezo, watu waliojaa humo wakiwa wamevaa nguo nyekundu huzidi wakazi wa mji wowote wa jimbo hilo isipokuwa miji miwili, Omaha na Lincoln yenyewe. Agosti 30, 2023, watu 92,003 waliingia humo kuwatazama wasichana wa chuo wakicheza mpira wa wavu. Nalitaja hili kwa faida ya wale wanaodai kwamba michezo ya wanawake haina watazamaji.

Tangu Novemba 3, 1962, tiketi za kila mchezo wa nyumbani zimehesabiwa kuwa zimekwisha. Mwaka 2021 timu ilipokuwa imeharibika na tiketi zikaanza kubaki, wafadhili walizinunua wakawapa watoto wa watu wasio na uwezo, ili mfululizo ule usikatike. Zaidi ya hayo, wapenzi hawa wanasifika kwa adabu. Timu ya ugenini inapotoka uwanjani, hata ikiwa imewashinda, wao huipigia makofi. Nayasema haya kwa makusudi, tusije tukadhani kwamba tunazungumza juu ya wahuni. Tunazungumza juu ya wakulima, walimu, wauguzi na akina mama watu wazima ambao, baada ya miaka kadhaa ya kuvumilia, walifika mahali wakashindwa.

Mtu aliyewashinda anaitwa Scott Frost, naye hakuwa mgeni kwao. Alizaliwa mjini Lincoln na kukulia katika mji mdogo wa Wood River humo humo jimboni. Alichezea timu hiyo katika nafasi ya mpiga pasi, yaani mtu ambaye mipango yote ya kushambulia huanzia mikononi mwake. Septemba 1997, katika mchezo dhidi ya Chuo Kikuu cha Central Florida, wapenzi wa Nebraska walimzomea katika uwanja wake mwenyewe. Msimu ule ulipomalizika timu haikuwa imeshindwa hata mara moja. Januari 2, 1998, iliipiga Tennessee pointi 42 kwa 17, na ikatunukiwa ubingwa wa taifa pamoja na Michigan. Wale waliomzomea Septemba walimbeba Januari. Mwanafunzi wa tabia za binadamu angeweza kuliandika jambo hilo katika daftari lake na kulitunza kwa ajili ya siku za mbele.

Miaka ikapita. Frost akawa kocha, na kazi yake ya kwanza kubwa akaipata, kwa mzaha wa mambo, katika chuo kile kile cha Central Florida. Alikikuta kimemaliza msimu wa 2015 bila kushinda mchezo hata mmoja. Msimu wa 2017 hakikushindwa hata mmoja. Desemba 2017 Nebraska ikamwita nyumbani kwa mkataba wa miaka saba, dola milioni 5 kwa mwaka. Jimbo zima lilishangilia. Mtoto amerudi, naye anajua kazi, anaijua njia ya kwenda kisimani.

Mchezo wake wa kwanza, Septemba 1, 2018, ulivunjwa na radi na mvua punde tu baada ya kuanza. Mtu mwenye kuamini ndege mbaya angefungasha virago siku ile ile. Iliyofuata ilikuwa michezo sita ya kushindwa mfululizo, mwanzo mbaya kuliko wowote uliopata kuonekana katika historia ya timu hiyo. Msimu ukaisha kwa kushinda michezo 4 na kupoteza 8. Mwaka 2019 wakashinda 5 na kupoteza 7. Mwaka 2020, ambao ulifupishwa na maradhi ya korona, wakashinda 3 na kupoteza 5. Mwaka 2021 wakashinda 3 na kupoteza 9.

Huo wa 2021 ndio uliowatia watu wazimu. Katika michezo yote tisa waliyopoteza, hakuna hata mmoja ambao walizidiwa kwa pointi kumi. Ukijumlisha pointi zote za msimu, Nebraska walikuwa wamefunga nyingi kuliko walizofungwa! Katika muda wote wa Frost, michezo iliyoamuliwa kwa pointi nane au pungufu, yaani kwa pigo moja tu la mchezo ule, alishinda 5 na kupoteza 22. Timu inayopigwa vibaya huwaachia wapenzi wake walale, kwa kuwa hakuna la kufikiri. Timu inayokaribia kushinda kila Jumamosi na kupoteza dakika za mwisho huwanyima usingizi, kwani kila mtu anaweza kukuonyesha kwa kidole mahali penyewe palipoharibika, na kila mtu anaamini kwamba yeye asingepaharibu.

Basi ikaja Agosti 27, 2022, mjini Dublin, Ayalandi, ambako timu ilipelekwa kucheza na Northwestern. Nebraska walikuwa mbele kwa pointi 28 kwa 17 katika robo ya tatu. Wakati huo Frost akaamuru upigwe mpira mfupi wa kushtukiza, ule ambao timu iliyokwisha kufunga hujaribu kuuokota yenyewe badala ya kuuachia mbali kwa wapinzani. Mara nyingi hutumiwa na timu iliyo nyuma na iliyokata tamaa. Northwestern wakauokota wao, wakafunga, wakashinda 31 kwa 28. Wiki mbili baadaye, Septemba 10, wakaja Georgia Southern, chuo kidogo kilichokuwa kimelipwa zaidi ya dola milioni moja kije Lincoln kupigwa, kama ilivyo desturi ya vyuo vikubwa. Nebraska walifunga pointi 42. Hadi siku hiyo, kila walipofunga pointi 35 au zaidi nyumbani kwao walikuwa wameshinda, mara 214 bila kukosa. Georgia Southern wakafunga 45, wakachukua ushindi na hundi yao, wakarudi kwao.

Kesho yake, Jumapili, Frost aliachishwa kazi. Ameshinda 16, amepoteza 31.

Ndugu Mwenyekiti, hadi hapo hadithi hii haina ajabu. Kocha ameshindwa, wapenzi wamekasirika, kocha ameondoka. Mimi sitasimama hapa kuwalaumu wapenzi wa Nebraska kwa kumkataa mtu aliyepoteza karibu mara mbili ya alivyoshinda. Lakini naomba tusogee karibu zaidi tutazame hesabu ya fedha, maana humo ndimo lilimolala jambo lililonileta.

Kwa mkataba uliokuwapo siku ile ya Septemba 11, kumwondoa Frost kulikigharimu chuo dola zipatazo milioni 15. Mkataba ule ule ulisema kwamba ifikapo Oktoba 1, fidia hiyo ingeshuka hadi dola milioni 7.5. Kwa maneno mengine, kama wangemweka kwa siku ishirini zaidi, wangeokoa nusu ya fedha zile. Siku ishirini zile ziligharimu dola 375,000 kila siku moja, Jumapili ikiwamo. Sijui kama kuna bidhaa nyingine duniani iliyo ghali kama kukosa subira kwa wiki tatu.

Utasikia watu wakisema: hiyo ndiyo bei ya kelele za wapenzi. Uongozi ulisukumwa, ukalipa. Mimi nasema sivyo, au tuseme sivyo kabisa. Wapenzi walipiga kelele, ni kweli, lakini hakuna mpenzi hata mmoja aliyeandika ile milioni 15. Iliandikwa na nani, na lini?

Novemba 16, 2019, Mkurugenzi wa Michezo wa wakati huo, Bill Moos, alitangaza kwamba mkataba wa Frost umeongezwa miaka miwili, hadi mwisho wa 2026. Asubuhi hiyo ya tangazo Frost alikuwa ameshinda michezo 8 na kupoteza 13. Hakuna mwenye duka anayemwongezea karani wake mkataba kwa hesabu ya namna hiyo. Sababu inayotolewa siku zote katika mambo haya ni kwamba vijana wanaoandikishwa, pamoja na wazazi wao, wanataka kuwa na hakika kwamba kocha aliyewaalika atakuwapo. Ina ukweli wake. Lakini kocha hakai kwa sababu karatasi inasema atakaa. Anakaa kama anashinda. Karatasi haiongezi uhakika wa kukaa. Inaongeza gharama ya kuondoka, basi.

Moos aliondoka kazini Juni 2021, kabla hati ya deni haijafika mezani. Aliyemfuata, Trev Alberts, naye aliyepata kuichezea timu hiyo, alijaribu kurekebisha mambo. Novemba 2021 mshahara wa Frost ulipunguzwa kutoka dola milioni 5 hadi milioni 4, na ndipo ile tarehe ya Oktoba 1 ilipowekwa ili kupunguza fidia. Kisha mwaka uliofuata ofisi hiyo hiyo ikaiacha tarehe iliyojiwekea yenyewe ipite mbele yake ikiwa imekwisha kulipa. Machi 2024 Alberts naye akahamia Chuo Kikuu cha Texas A&M. Chuo hicho, Novemba 2023, kilikuwa kimemwondoa kocha wake, Jimbo Fisher, kwa ahadi ya kumlipa zaidi ya dola milioni 76, kwa sababu mwaka 2021 waliokuwapo wakati huo walikuwa wameuongeza mkataba wake hadi 2031. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa Nebraska peke yake, na Nebraska si mgonjwa mahututi kupita wote.

Sasa yapo mawazo ya wazee wenye busara, ambao husema kwamba dawa ya yote haya ni subira. Wanao ushahidi mzuri, na ushahidi wenyewe unatoka Nebraska.

Mwaka 1962 timu ile ilipewa kocha Bob Devaney. Alianza vizuri, lakini misimu ya 1967 na 1968 ilikuwa ya kawaida tu, ushindi 6 na kushindwa 4 kila mmoja, na Oklahoma walimpiga 47 kwa 0. Manung'uniko yalikuwapo. Hakuondolewa, na mwaka 1970 na 1971 akaleta ubingwa wa taifa mara mbili mfululizo. Mwaka 1973 akamwachia kazi msaidizi wake, Tom Osborne, mtu mpole, mwenye shahada ya udaktari wa falsafa, asiyepandisha sauti. Osborne alipoteza kwa Oklahoma mara tano mfululizo. Ndugu zangu wanaojua maana ya mtani wa jadi hawahitaji kuelezwa mara tano ni nini. Aliwashinda mara ya kwanza mwaka 1978, na mwisho wa mwaka huo huo alikwenda kutazama kazi ya Colorado kabla ya kuamua kubaki. Ubingwa wa taifa aliupata mwaka 1994, katika msimu wake wa ishirini na mbili, kisha akaurudia 1995 na 1997. Katika misimu yake yote ishirini na mitano hakupata kushinda michezo pungufu ya tisa.

Kuna jambo moja la Osborne ambalo sipendi kulipita. Januari 2, 1984, timu yake, iliyokuwa haijashindwa mwaka ule, ilikuwa nyuma ya Miami kwa pointi moja katika sekunde za mwisho. Angeweza kupiga mpira mwepesi wa kusawazisha, na pengine sare hiyo ingemtosha kwa ubingwa. Alikataa. Alijaribu kushinda, mpira ukaguswa, wakapoteza 31 kwa 30. Wapenzi wa Nebraska wanalizungumza tukio hilo mpaka leo, na wanalizungumza kwa heshima. Wapenzi hawakasirishwi na kushindwa tu kama tunavyosingiziwa.

Kwa hiyo wenye kuhubiri subira wanayo hoja. Lakini hoja hiyo ina kasoro: Frost naye alipewa subira. Alipewa misimu minne mizima na mwanzo wa wa tano, na haikusaidia kitu. Na kabla yake wapo walioondolewa bila kustahili. Frank Solich, aliyempokea Osborne, alishinda michezo 58 na kupoteza 19. Akaondolewa Novemba 2003 baada ya kushinda 9 na kupoteza 3. Mkurugenzi wa Michezo, Steve Pederson, hakutaka timu ile iridhike na ukawaida. Msimu uliofuata, chini ya Bill Callahan, timu ikashinda 5 na kupoteza 6, hesabu ya hasara ya kwanza tangu 1961, na huko Texas Tech ikapigwa 70 kwa 10. Mwaka 2007 Callahan aliongezewa mkataba, na mwaka huo huo yeye na Pederson wote wawili wakaondolewa. Bo Pelini, aliyefuata, hakupata kumaliza msimu bila kushinda michezo tisa au zaidi. Naye aliondolewa Novemba 2014. Tangu hapo hadi msimu wa 2024, timu ilifikisha ushindi wa tisa mara moja tu, mwaka 2016.

Ni haki niseme kwamba kuondoka kwa Pelini kulikuwa na sababu nyingine. Mwaka 2013 ilitangazwa kanda iliyorekodiwa miaka miwili kabla, ambamo alisikika akiwatukana wapenzi wa timu yake mwenyewe kwa matusi yasiyofaa kurudiwa mbele yenu, kwa sababu waliondoka uwanjani mapema wakidhani mchezo umekwisha kupotea. Timu yake ilikuwa imegeuza mchezo ule ikashinda. Aliomba radhi. Hasira basi si ya wapenzi peke yao. Huenda na kurudi kama mpira wa tenisi.

Nini, basi, kilichowatenga Devaney na Osborne na hawa wengine? Wengi hujibu haraka kwamba wale walikuwa makocha bora. Ndiyo, walikuwa. Lakini mwaka 1968 nani aliyejua? Mwaka 1977 nani aliyejua? Jibu langu ni jingine. Wakati wapenzi wanamnung'unikia Osborne, aliyekaa katika kiti cha Mkurugenzi wa Michezo alikuwa Devaney yule yule. Alikuwa anaujua mchezo. Alikuwa amepitia manung'uniko hayo katika ngozi yake mwenyewe. Na alikaa katika kiti kile kuanzia 1967 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, muda uliotosha kuvuna kila alichopanda, kitamu na kichungu. Mtu wa namna hiyo akisema tungojee, ana haki ya kusikilizwa, maana akikosea atakula hasara pamoja na wengine.

Linganisheni na yaliyofuata. Pederson alimwondoa mshindi, naye akaondolewa baada ya miaka minne. Shawn Eichorst alimwondoa Pelini, akamwajiri Mike Riley, naye akaondolewa Septemba 2017, siku chache baada ya timu kushindwa nyumbani na Northern Illinois. Moos alimwajiri Frost, akamwongezea miaka, akaondoka. Kila mmoja aliandika mkataba ambao mwenzake ndiye aliyekuja kuulipa. Wapenzi wakaendelea kumtazama kocha, kwa sababu kocha ndiye anayesimama kando ya uwanja ambapo kila jicho linamfikia. Mwenye kalamu hukaa ofisini.

Na tusiwasahau walio chini ya kocha. Novemba 2021, mwezi ule ule mshahara wa Frost ulipopunguzwa, wasaidizi wake wanne walifukuzwa kwa siku moja. Wao hawakuwa na fidia ya milioni 15. Watu wa kazi hiyo huhamisha watoto shule kila baada ya miaka miwili mitatu, kutoka jimbo hadi jimbo, wakifuata bahati ya mtu mwingine. Halafu wapo wachezaji. Kijana wa miaka kumi na tisa anayedondosha mpira mbele ya watu elfu themanini na tano hana mkataba wa kumkinga. Tangu Julai 2021 wachezaji wameruhusiwa kupokea fedha kwa matangazo na matumizi ya majina yao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa, na hilo ni jambo la haki lililochelewa mno. Lakini limewapa baadhi ya wapenzi kisingizio kipya: analipwa huyu, acha nimseme. Mimi siafiki. Mwalimu yeyote aliyemo humu anajua kwamba mwanafunzi anayelipwa ni mwanafunzi bado.

Kocha mtu mzima, mwenye mamilioni yake, anaweza kuzomewa. Sioni dhambi. Wapo watu wenye vyeo, huko na kwingineko, wanaopenda kusema kwamba mpenzi wa kweli hushangilia tu na mengine huwaachia wenye utaalamu. Hayo ni maneno ya mtu anayetaka kulipwa bila kuulizwa. Mkulima wa Nebraska amenunua tiketi, kama baba yake alivyonunua mwaka 1962. Ameendesha gari saa nne au tano kutoka magharibi ya jimbo. Idara ile ya michezo hujivunia kwamba inajitegemea bila ruzuku ya kodi. Basi inamtegemea yeye, na fedha za televisheni ambazo zinapatikana kwa sababu yeye na wenzake wanatazama. Asipokuwa na haki ya kukasirika yeye, atakuwa nayo nani?

Ninachosema ni kwamba hasira yake ina mlango mwingine ambao haupigi hodi. Chuo Kikuu cha Nebraska kinaongozwa na Baraza lenye wajumbe wanane wenye kura, na wajumbe hao hawateuliwi na gavana kama ilivyo katika majimbo mengi. Wanachaguliwa na wananchi, kila mmoja katika wilaya yake, kwa muda wa miaka sita, bila kutaja vyama. Wakuu wote wa chuo wanawajibika kwa Baraza hilo. Kwa hiyo yule mama mwenye kofia nyekundu, anayekwenda nyumbani sauti imemkauka kwa kupiga kelele, ana kura juu ya watu wanaowasimamia wenye kalamu. Anaweza kumwuliza mgombea maswali mepesi kabisa. Je, utakubali kocha aongezewe miaka kabla hajashinda michezo mingi kuliko aliyopoteza? Mkurugenzi akiandika mkataba, atabaki na sehemu gani ya hasara ukiharibika? Haya si maswali ya utaalamu wa mpira. Ni maswali ambayo mwanachama wa chama cha ushirika wa pamba angeyauliza katika mkutano wa mwaka, na asingeondoka mpaka ajibiwe.

Baada ya Frost, Nebraska ilimwajiri Matt Rhule mwezi wa Novemba 2022, kwa mkataba wa miaka minane wenye thamani ya dola milioni 74. Msimu wa kwanza alishinda 5 na kupoteza 7. Wa pili, 2024, alishinda 7 na kupoteza 6, na timu ikapata kucheza mchezo wa baada ya msimu kwa mara ya kwanza tangu 2016. Ni mwendo mzuri, na nawatakia heri. Frost mwenyewe alirudi Central Florida mwezi wa Desemba 2024, kwenye chuo ambacho mbele yake alizomewa akiwa kijana.

Oktoba 30, 2025, mkataba wa Rhule uliongezwa hadi mwaka 2032. Kabla Novemba haijaisha, Iowa walikuja Lincoln wakashinda 40 kwa 16. Uchaguzi wa wajumbe wa Baraza hufanyika kila mwaka wa pili, mwezi huo huo wa Novemba, msimu wa mpira ukiwa unaelekea ukingoni.